Maganda Ishirini na Manne

Bomba lilipasuka Oktoba. Maji yakaingia chini ya nyumba
yakakaa siku tatu, mgeni asiyejua kuaga.
Kaka yangu Oddgeir alitaka kutupa kila kitu.
Nikasema: sanduku la baba, hapana.

Maganda ishirini na manne ya kadibodi,
mekundu zamani, sasa rangi ya ufizi wa mzee.
Yamevimba. Hata moja haliingii mtutuni;
linakwama mlangoni pa chuma
kama kondoo mwenye mimba.

Nimeyapanga dirishani, si juu ya hita,
akili bado ninazo.

Huku kwetu Krismasi bila kwale wa theluji
ni meza tu yenye mishumaa.
Ndege mweupe juu ya weupe: humwoni,
unaona jicho, nukta ya wino kwenye karatasi tupu.
Baba alipanda mlima nyuma ya Svartholl
kabla ya jua, ambalo Novemba huchelewa hadi saa nne,
na mama, mikono ndani ya unga,
alihesabu milio kutokea jikoni.
Sita.
Giza likiingia, ndege sita kiunoni.
"Hajawahi kukosa," aliwaambia wake za wachungaji,
"hata mmoja!"

Kazi yenyewe haitaki nguvu.
Nafungua mdomo uliokunjwa, kunjo kwa kunjo,
kwa ncha ya kisu cha viazi.
Namwaga marisaa kwenye sosa.
Nang'oa kizibo cha sufu, nanusa baruti:
iliyoganda haina tena la kusema,
naizika bustanini.
Ganda tupu nalivisha kijiti nilichochonga,
nalipitishia pasi ya mama, ya vuguvugu tu,
kisha nta ya mshumaa, na kidole gumba,
taratibu, mpaka karatasi ikumbuke umbo lake.
Shaba naisugua kwa siki na chumvi.
Vidole vinanuka kachumbari na vita.

Kumi na moja yalikuwa na risasi,
kijivu, zimeota unga mweupe kama sukari ya keki.

La kumi na mbili lilikuwa jepesi.
Nikamwaga:
shayiri.

La kumi na tatu, shayiri.
La kumi na nne. Nikavua miwani, nikaivaa tena.
Chakula cha kuku, kimeshindiliwa vizuri,
na karibu na shaba, kwa penseli,
msalaba mdogo uliochorwa na mkono unaotetemeka.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Nikampigia simu Ketill wa ng'ambo ya mto.
Alinyamaza. Akacheka. Akaacha kucheka.
"Miaka tisa," akasema. "Ndege sita kila mwaka,
nilimwachia ndani ya pipa la maziwa pale darajani.
Alinilipa kwa samaki wa chumvi.
Alikuwa akipiga mbinguni, mama yako asikie."

Kwa nini?

"Sikumuuliza sana. Alisema amechoka na lile jicho."

Nilikaa na simu mkononi hata ilipokwisha kulia.
Theluji ilikuwa ikishuka juu ya banda la kuku,
kuku ambao mwaka ule, nakumbuka,
mama alilalamika wanakula kupita kiasi.

Basi nimepima shayiri mpya.
Kijiko kimoja kilichojaa na nusu, kama alivyopima yeye.
Maganda kumi na matatu.
Nimekunja midomo, nimeifunga kwa tone la nta,
na penseli nimeinoa,
misalaba nimeirudia palipofifia.
Mkono wangu nao, nimeona, umeanza kutetemeka.

Jana usiku Oddgeir aligonga, viatu vya mlimani miguuni,
ndevu zimeshika barafu.
Jumamosi anapanda. Watoto wake wameahidiwa.
"Yanafaa?"
"Yote," nikamwambia. "Yote yanalia."

Nikamkabidhi sanduku.
Yenye msalaba nimeyaweka juu.